Kumfunika Mkubwa

Kwetu mdogo hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Anamfunika. Sijui kama familia zingine za Kindu, kwetu Kongo, zinafanya hivyo, lakini sisi tulilelewa hivyo na koko, bibi yetu mzaa mama. Koko akisahau kwamba chumvi ameshatia, akatia tena, hakuna anayefungua mdomo. Mmoja wetu anasimama kama anakwenda kunawa, anapita jikoni, anaongeza kikombe cha maji kwenye maharagwe, anarudi kukaa. Koko akifunga kilemba kikalala upande, mimi nakuja nyuma yake, nasema kuna mdudu, nakinyoosha. Mdudu hakuna. Koko anasema asante, nami najisikia mtoto mwema.

Desturi hii ilinifaa sana, maana mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akiniita nisome mbele ya darasa, sauti inaishia kooni na masikio yanawaka. Lakini nyumbani kunyamaza kulikuwa ni adabu, na hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, majirani walimsifu koko kwa ajili yangu: "Huyu mutoto hata hana kelele." Waliponisifu nilinyamaza zaidi.

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, alilelewa kwa desturi hiyohiyo, lakini yeye alifika mbali. Alipata wafadhili, akaenda Lilongwe kusomea dawa. Siku ya kwanza aliporudi likizo na koti lake jeupe, alikuwa amelifunga ndani ya plastiki mbili ili vumbi letu jekundu lisiliguse. Alilivaa kidogo tu ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Nilimtazama kama mtu anayetazama umeme ukiwaka kwa mara ya kwanza. Koko aligusa kola, akasema, "Hii inafuliwa na sabuni gani?" Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kulia.

Mwaka huu yaya aliwekwa kwenye staji, kujifunzia kazi ndani ya duka la dawa huko Old Town, mjini Lilongwe. Duka linaendeshwa na mzee mmoja Mmalawi mwenye tai kila siku, hata joto likiwa la kuyeyusha mshumaa. Wanafunzi wanamwita bambo, yaani baba. Mwisho wa staji yeye ndiye anayetia sahihi, na bila sahihi yake mwaka wa yaya ungeanguka. Wafadhili hawalipii mwaka ulioanguka. Hilo tulilijua sote, hata koko asiyejua kusoma.

Basi Jumamosi moja yaya akatokea nyumbani bila kutuambia anakuja. Koti alilishika mkononi, bila plastiki. Nikaona vumbi kwenye mkono wake wa kulia, nikajua kuna jambo.

Alitueleza akiwa amekaa chini, mgongo ukutani. Mama mmoja alikuja dukani na mtoto mdogo mgongoni, mtoto ana malaria. Mzee akachukua pakiti ya dawa ya malaria, akaitia kwenye mfuko, akaugeukia upande wa pesa. Yaya akaona pakiti ile ni ya watu wazima. Watu walijaa kaunta. Angemwambiaje mzee, mbele ya watu, kwamba amekosea? Akafanya tulivyofundishwa. Mzee alipokuwa amempa mgongo, alitoa pakiti kubwa, akaweka ndogo ya mtoto, akakunja mfuko vilevile ulivyokuwa.

"Nikajisikia vizuri sana," yaya alisema. "Nikasema ndani ya roho, nimemufunika."

Lakini yule mama hakutoka mara moja. Alifungua mfuko hapo hapo, akaitoa pakiti ili aulizie namna ya kumpa mtoto. Mzee akaiona. Akaitazama muda mrefu. Akauliza, "Nani amebadilisha hii?" Yaya akapiga magoti kama wanavyofanya watu wa hapa kwa wakubwa, akainamisha kichwa, akanyamaza. Mzee akauliza tena. Yaya akanyamaza tena, maana kujibu kungekuwa kumuaibisha. Mzee akavua miwani, akamwambia avue koti, aende, asirudi mpaka mwalimu wake ampigie simu.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akapiga mkono pajani.

"Ulifanya muzuri! Mutoto amepona, muzee hakupata haya. Anataka nini tena, nyama ya mbuzi?"

"Koko, amenifukuza."

"Anakufukuza juu ya adabu? Ule muntu iko na akili kweli?"

"Anasema nimebadilisha dawa bila kumwambia. Anasema ni hatari."

"Hatari ni yeye," koko akasema, akaenda kuangalia chungu chake.

Yaya alipomweleza mwalimu wake, ambaye wote wanamwita Madam, hakumfokea. Alimtumia ujumbe wa sauti, nami niliusikia kwa sababu yaya aliuweka tena na tena. Sauti ilikuwa ya upole na ya haraka. Ijumaa, alisema, kutakuwa na somo la kufanya kazi na watu wa umri mbalimbali. Bambo amekubali kuja. "Na wewe niletee yule aliyekufundisha kunyamaza."

Yaya alimtazama koko. Koko akasema, "Mi?" Na kwa kuwa koko hajui Kiingereza, na Chichewa chake kinatosha kununua nyanya tu, mimi nikatiwa njiani pamoja naye niwe mdomo wake. Mimi! Usiku sikulala vizuri. Nilimwomba Mungu Madam apate mafua.

Hakupata. Tulikwenda na karatasi yetu ya ruhusa ya kutoka kambini, koko amevaa kitenge cha sikukuu. Darasa lenyewe lilikuwa na meza nyeupe, chupa za kahawia kwenye rafu, na harufu kama ya kidonda kilichosafishwa. Wanafunzi wote walikuwa na makoti. Niliwaona kama malaika waliopangwa viti, kila mmoja anajua dawa ninazoshindwa hata kutamka. Yaya alikaa mwisho kabisa bila koti. Mzee wa tai alikaa mbele, mkongojo magotini. Alipoingia alimpita yaya bila kumsalimia.

Kisha akaingia Madam, na mimi nikashangaa, kwa maana nilimngoja mama mnene mwenye miwani. Alikuwa mdogo wa mwili, viatu vya michezo miguuni, labda mara mbili ya miaka yangu kumi na minne. Akaenda moja kwa moja kwa koko na mzee, akachuchumaa sakafuni mbele ya wanafunzi wake wote, akapiga makofi ya taratibu, akawasalimia kwa Chichewa, akimwita koko agogo, neno lao la bibi na babu. Halafu akasimama, akasema neno moja, na chumba kizima kikanyamaza. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Mwili uleule ulichuchumaa na mwili uleule ukatawala. Mimi nilidhani mtu lazima achague.

Hakufundisha kwa kuandika ubaoni. Aliwauliza tu wanafunzi: vijana wanawalalamikia nini wazee kazini?

"Hawataki kompyuta!" mmoja akasema.

"Wanapiga simu kwa jambo la ujumbe mfupi."

"Wanatuuliza sisi ni watoto wa nani kabla hawajauliza tunajua nini."

Madam akamgeukia mzee. "Na ninyi, bambo?"

Mzee akakohoa. "Wanaandika ujumbe bila salamu. Mimi nikiwajibu 'sawa', wananiuliza, bambo, umekasirika? Sijakasirika. Nimesema sawa!" Darasa likacheka, na yeye akaendelea, amekaza uso. "Tena wanatembea na vitu masikioni. Nikimwita mmoja, naita kama namwita ng'ombe aliyevuka mto."

Nilikuwa nikimtafsiria koko sikioni kwa sauti ndogo. Koko akacheka mpaka akajifuta macho. "Huyu muzee si mubaya," akanong'ona. "Shida ni ile tai, inamubana."

Halafu Madam akauliza, taratibu: "Nani kati yenu ameshamwona mkubwa wake kazini akikosea?"

Hakuna aliyesogea. Kisha mkono mmoja. Kisha miwili. Kisha mikono yote ikawa juu, makoti meupe yameteremka mpaka kwenye viwiko.

"Aliyemwambia, aache mkono juu."

Mikono ikashuka. Ikashuka yote. Wale malaika! Wale wanaojua majina ya dawa! Walikuwa wanaogopa kama mimi ninavyoogopa kusoma mbele ya darasa. Nilikuwa nimedhani haya ni ugonjwa wangu peke yangu, kumbe chumba kizima kinao, tena kwa sababu ileile, kwa sababu walilelewa vizuri.

Madam hakuwakemea. Alivuta kiti akakaa, akamwomba mzee aseme kilichomtokea siku ile. Yaya aliinamisha kichwa mpaka nikaona shingo yake tu.

Mzee alianza kwa Chichewa, polepole, nami nikawa namtafsiria koko sikioni, neno kwa neno.

"Mnadhani nilikasirika," alisema. "Niliogopa. Nilikumbuka mkono wangu umechukua pakiti kubwa. Kwenye mfuko ikatoka ndogo. Nikamuuliza msichana, akanyamaza. Nikauliza tena, akanyamaza. Basi nikafikiri, ni mimi. Kichwa changu kimeanza kunidanganya. Usiku huo nilihesabu majina ya watoto wangu kitandani, nione kama bado ninayo yote."

Akapapasa nywele zake.

"Tangu mvi zianze, hakuna mtu aliyeniambia nimekosea. Hata mmoja. Mnafikiri ni kwa sababu sikosei?"

Nilimaliza kumtafsiria koko maneno hayo. Alikuwa anamtazama mzee kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali.

Madam akaja mbele yetu, akachuchumaa tena. "Agogo, na wewe? Nani anakuambia ukikosea?"

Nikatafsiri. Koko akainua kidevu. "Mwambie mi sikoseaki."

Nikasema kwa Kiingereza, sauti kama ya mbu, "Anasema yeye huwa hakosei." Darasa likacheka, cheko la mapenzi. Koko akafurahi. Hata yaya aliinua kichwa.

Na hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Wallahi ningeweza, hakuna aliyeniuliza chochote mimi. Lakini nilimwona mzee hacheki. Nikamwona yaya bila koti. Nikafikiri, kama nikirudi nyumbani na kikombe changu cha maji, ni nani atakayemrudisha yaya kazini? Nikamgeukia koko, nikasema kwa lugha yetu, lakini kwa sauti iliyofika ukutani, nami mwenyewe nikaishangaa:

"Koko, chumvi unatiaka mara mbili."

"Nini?"

"Kwa maharagwe. Unasahauka. Unatia tena."

"Tangu siku gani?"

"Tangu zamani, koko."

"Na munakulaka?"

"Tunaongezaka maji. Kila mutu anapita, anaongeza."

Koko alinikazia macho. Nilingoja kofi, au mbaya zaidi, machozi. Darasa halikuelewa maneno lakini lilielewa kwamba kuna kitu. Midomo ya koko ilitikisika.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe ni ninyi! Mi nikawaza mukono yangu imekufa! Kila siku muchuzi ni maji-maji, kila siku! Nikasema, nimezeeka, nimesahau kupika, mi mwenye nilipikiaka harusi yote ya Kindu! Nikaomba Mungu anirudishie mukono. Kumbe ni batoto bananimwangia maji!"

Akaniuliza kwa nini ninangoja, nitafsiri. Nikatafsiri yote, na mkono uliokufa, na harusi, na maombi. Sikupunguza hata neno. Wanafunzi walicheka mpaka wakainama kwenye meza, lakini mzee hakucheka. Alisimama kwa mkongojo wake, akaja mpaka alipokaa koko, akampa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko chake, kama wanavyosalimia hapa kwa heshima.

"Mama," akasema, "basi sisi wawili akili tunazo bado."

Nikamwambia koko. Koko akajibu, "Mwambie akili iko. Ni adabu njo inatuua."

Nilipolitafsiri hilo, Madam aliweka mkono mdomoni, akageuka kidogo dirishani. Alipotugeukia tena hakutoa hotuba. Aliuliza tu, "Sasa tufanyeje? Mkubwa asiaibike, mtoto asipewe dawa ya mtu mzima. Nataka njia inayofanya kazi Jumatatu asubuhi, watu wamejaa kaunta."

Walijaribu njia nyingi, wakiigiza. Mmoja alikohoa. Mzee, akiigiza mwenyewe, akampa dawa ya kikohozi. Mwingine alisema, "Samahani bambo, kwa heshima zote, pengine labda," na mzee akasema, "Kabla hujafika mwisho, mama ameshapanda baiskeli ya kabaza ameenda." Wakamuita yaya.

Yaya alikwenda mbele kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Alisimama karibu na mzee, mikono nyuma. Nikadhani atanyamaza tena. Kisha akasema, kidogo kidogo: "Bambo, kwetu anayesoma Kurani anasoma kwa sauti, na mwenzake anafuata kwa kidole. Akiruka neno, kidole kinasimama. Hakuna aliyemuaibisha mwenzake. Ni kidole tu."

Mzee akangoja.

"Tungesoma hivyo. Wewe unasoma karatasi ya daktari kwa sauti. Mi nasoma pakiti kwa sauti. Kila dawa, hata kama tuna uhakika. Siku nyingine mimi ndiye nitasoma karatasi, wewe pakiti."

"Hata mimi nikikosea nitasikia," mzee alisema.

"Hata mimi nikikosea, bambo."

Mzee akatazama saa ya ukutani. "Duka halijafungwa," akasema. "Koti lako liko wapi?"

Lilikuwa kwenye mfuko wa koko, ndani ya plastiki mbili. Koko alikuwa amelifua mwenyewe, bila kumwambia mtu.

Tulifuatana hadi Old Town, kwa kuwa sisi pia tulikuwa tunakwenda stendi, na koko alitaka kupita sokoni Tsoka kununua samaki wakavu. Lakini alikataa kwenda popote kabla ya kuona. Tukasimama kando ya mlango wa duka la dawa, mimi na yeye, kama watu wanaosubiri zamu. Akaingia baba mmoja na karatasi. Mzee akaisoma kwa sauti, jina la dawa na kiasi chake. Yaya akachukua kichupa kwenye rafu, akasoma kwa sauti, na sauti yake ilitoka nje mpaka kwetu barabarani, juu ya kelele ya makonda. Mzee akatikisa kichwa. "Soma tena." Yaya akasoma tena, akasimama katikati. Akageuka rafuni, akarudisha kichupa, akachukua kilichokuwa pembeni yake.

Ni yeye aliyekosea! Yaya! Na dunia haikuanguka. Baba yule alilipa, akasema zikomo, yaani asante, akatoka. Yaya alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Nilisimama pale mdomo wazi. Niliona jambo dogo kabisa, watu wawili, mmoja ana mvi na mmoja hana, wanasomeana, na bado nikiliwaza nasikia ngozi ikisisimka.

"Ameambiwa mbele ya bantu," koko akanong'ona, "na hakukufa."

Jioni ile nyumbani koko alipika maharagwe. Alinipigia kelele kutoka jikoni, nikaenda. Akajaza kijiko, akakipuliza, akaninyooshea.

"Onja. Sema."

Nikaonja. "Iko sawa, koko."

Akanitazama kwa jicho moja. "We mutoto, usinifunike."

"Wallahi, koko. Chumvi imetosha."

"Apa tena."

Nikaapa tena. Hakuniamini. Alionja mwenyewe, akafikiri, akanipa kijiko kingine, na mimi nikaonja tena, na tukaendelea hivyo, anauliza najibu, mpaka chungu kilipungua na jirani akaita kuuliza kama kwetu leo kuna chakula au kuna mtihani.